Kuhusu Lori la Baba, Uamue Wewe

Kijiji cha Matiri,
S.L.P. 41,
Mbinga.
Jumapili, 21 Julai 1996.

Mpendwa mdogo wangu Nicholaus,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeitikia, hata kama umeitikia kimoyomoyo kwa sababu uko karakana na mikono imejaa grisi. Hujambo lakini? Wifi yangu Lidia hajambo? Na hao watoto wanaomjua shangazi yao kwa picha tu, wanakua vizuri? Kile kikohozi ulichoniandikia mwezi wa pili kimeisha, au bado unakitibu kwa ubishi? Nakufahamu wewe, hospitali unapita kwa mbali kama mtu anayedaiwa.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwezi huu imetukamata kweli. Asubuhi hatutoki jikoni mpaka jua lipande, na Mama amevaa lile koti lako la shule ambalo hataki liguswe na mtu mwingine. Mguu wake unamsumbua ila kanisani anafika. Shemeji yako Othmar anakusalimu, yuko shambani anachuma kahawa. Mwanangu Devotha alijifungua salama mwezi wa tatu, mtoto wa kike, tumempa jina la Mama. Kwa hiyo sasa tuna Dafrosa wawili hapa nyumbani, na wote wawili hawapendi kungojeshwa chakula.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nikae chini leo baada ya misa badala ya kupumzika. Ni lile lori.

Usicheke. Najua kila barua yangu tangu mwaka juzi ina habari ya lori, na wewe kila mara unajibu, "Dada, amueni ninyi mlioko huko." Safari hii jibu hilo sitalipokea. Kadi ya gari ina jina lako. Baba alipolinunua mwaka sabini na tisa, wewe ukiwa bado unasoma, alimwambia karani aandike Nicholaus Hyasinti, kwa kuwa gari lingedumu kuliko yeye. Mimi mtoto wake wa kwanza, niliyechuma hiyo kahawa iliyolinunua mpaka kucha zikawa nyeusi, hakuna aliyeniuliza jina langu linaandikwaje. Nimeshasamehe, ila sijasahau. Hivyo basi bwana mkubwa, mwenye lori ni wewe, na bila sahihi yako haliuziki hata kwa mtu wa vyuma chakavu.

Hali yake ni hii. Linawaka. Bodi ni nzima, fremu ni nzima, mbao alizibadilisha Baba mwenyewe. Lakini petroli, mdogo wangu! Debe zima kwenda Mbinga na debe zima kurudi, na hapo hujapakia kitu. Watu wa hapa wamelibatiza Mlevi, na ukweli sijaona jina lililomfaa mwenyewe kama hilo. Zamani ilikuwa sawa. Kahawa yote ya kijiji ilikaa kwenye ghala la ushirika, Baba akaitwa, akapakia, safari zikafuatana mpaka msimu ukaisha. Tangu soko lifunguliwe, wanunuzi binafsi wanakuja na vigari vyao vya dizeli mpaka uani kwako, wanapima, wanapakia, wanaondoka. Siku hizi kahawa inafuatwa mlangoni kama mchumba. Lori la Baba linakaa chini ya mparachichi linawatazama wakipita.

Ukimuuliza Baba atakwambia subiri. Yeye ana imani na makaa ya mawe ya Ngaka. Wapimaji walipita, anasema, na watu hawapimi kitu bure. Siku yakianza kuchimbwa malori yatatafutwa kwa tochi, na sisi tutakuwa tumeshauza letu kwa tamaa. Nimemwambia makaa hayo yamelala tangu Mungu aumbe dunia na hayana haraka. Akanijibu kwamba hata yeye hana.

Mama naye hataki liuzwe, kwa sababu yake mwenyewe. Lori lilibarikiwa na padri, maji ya baraka yakamwagwa mpaka kwenye injini, na kuuza kitu kilichobarikiwa ni dhambi ya Simoni Mchawi. Ilibidi tumwite katekista wetu Meinrad. Akaeleza kwa upole kwamba dhambi ni kuuza baraka, chuma chenyewe si dhambi kukiuza. Mama akamsikiliza vizuri, akamkaribisha uji, kisha akasema, "Basi padri aje achukue kwanza baraka yake, ndipo ninyi muuze chuma." Meinrad alikunywa uji akaondoka, na sasa akiona Mama anakuja anakumbuka ana kazi sakristia.

Mimi nilikuwa upande wa kuuza, na si kwa ajili ya petroli. Nikueleze ukweli ambao sikuuandika mwezi wa tatu ili usikose usingizi. Devotha aliposhikwa na uchungu mvua ilikuwa imekata barabara, na vile vigari vya dizeli vilikuwa vimekimbilia mjini mpaka kiangazi. Lililotufikisha hospitali ya misheni ni Mlevi. Tope mpaka kwenye ekseli, nalo linanguruma tu linapanda. Nililibusu siku ile, sikufichi. Lakini njia nzima, Nicholaus, Othmar alikuwa amekaa pembeni ya Baba anamwambia, "Kushoto kidogo Mzee. Kulia. Kulia tena. Simama, kuna mtu." Nami niko nyuma na binti yangu analia, nasikia yale maneno. Nilijua macho ya Baba yanapungua. Sikujua yamepungua kiasi kile.

Mwezi wa tano tulimpeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, na tumechelewa. La kushoto limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hilo nalo litakwenda. Baba alisikiliza, akamshukuru daktari, na kesho yake asubuhi baada ya uji akatoka akawasha lori kama kawaida ili "lipumue". Kila siku analiwasha. Anapapasa matairi, anapima oili kwa kunusa na kwa vidole, anakaa kwenye usukani kidogo, kisha anarudi jikoni kuota moto. Nikamwambia Othmar, kwa jinsi hii ipo siku atatoka nalo barabarani, na hapo tutazika mtu. Ndiyo maana nikatafuta mnunuzi.

Nikampata. Anaitwa Nazari, mtu wa ziwani, wa Lituhi. Ananunua usipa kwa wavuvi pale ufukweni, anawakausha na kuwaleta kuwauza huku milimani, na amechoka kukodi magari. Ni Mnyasa mpole, mcheshi, na anajua magari. Ana injini ya dizeli nzima kwake, ya gari lililopinduka, haina mahali pa kukaa. Anataka bodi na fremu ya lori letu, aitoe injini yetu na kuweka hiyo yake. Nilipomweleza Baba hivyo, alisema, "Kumbe siku hizi gari linabadilishiwa moyo. Waulize basi kama na macho wanabadilisha." Nilicheka mbele yake. Nilipotoka nje nililia.

Nazari alikuja kuliangalia tarehe sita, Jumamosi, na hapo ndipo palipotokea mambo. Ukae vizuri.

Mwaka huu vichanja vyetu vya kuanikia kahawa vililiwa na mchwa, na Othmar anaahidi kutengeneza vingine tangu Pasaka. Mama akaitazama ile bodi ya lori: mbao kavu, ipo juu, mbuzi hafiki, kuku hafiki, jua linaipiga tangu asubuhi hadi jioni. Tukatandika mikeka, tukaanika humo kahawa yote iliyokwisha kumenywa na kuoshwa. Na Baba hatukumwambia. Tulisema, mzee wa watu ataumia akijua lori lake limegeuzwa kichanja. Tulingoja amalize kuliwasha asubuhi na kwenda jikoni, ndipo tunapanda na kahawa. Jioni tunaishusha kimyakimya. Wiki mbili tulifanya hivyo, mimi na Mama, kama wezi kwenye nyumba yetu wenyewe. Tulidhani huo ni upendo.

Siku hiyo Nazari alifika saa nne. Kahawa ipo juu, imebakiza siku mbili ikauke, na mlango wa nyuma wa bodi tumeushusha ili tupande kwa urahisi. Nikaenda kumtolea mgeni kiti. Nazari, bila ubaya wowote, akamuuliza Baba kama gari bado linatembea au linawaka tu. Lo! Baba alisimama. Akamshika Nazari mkono, akampandisha, naye akapanda, na kabla sijaweka kiti chini lori limeshatoka uani.

Nilikimbia, Nicholaus. Mimi, bibi wa watu, khanga inabaki njiani, napiga kelele, "Baba simama! Kahawa! Kahawa!" Mama nyuma yangu anawaita watakatifu kwa majina. Baba alitusikia. Baadaye alisema alidhani tunashangilia. Na kahawa inamwagika pale nyuma kwa mstari mmoja mzuri kabisa, kutoka uani kwetu hadi uwanja wa kanisa. Pale akageuza, kwa kumbukumbu tu maana macho hayakumsaidia kitu, akarudi kwa njia ileile akiikanyaga.

Kwenye kona ya mashine ya kusaga alikuwa anapita jirani yetu Kunigunda na kapu lake kichwani. Baba hakumwona. Lori lilipita pale alipokuwa amesimama. Aliruka, akaangukia kwenye mikahawa ya watu, kapu likabaki chini ya tairi. Upana wa kiganja kimoja tu, mdogo wangu. Kiganja kimoja na leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa.

Nazari alishuka akiwa jasho tupu kwenye baridi ile. Baba yeye alishuka anatabasamu, anamwuliza mgeni, "Umesikia linavyovuta?" Hakuna aliyemjibu. Basi akajua kuna jambo. Akainama, akapapasa chini, akaokota punje za kahawa, akazisugua kwenye kiganja, akanusa. Halafu akaenda nyuma ya bodi akaigusa ile mikeka. Ikabidi nimweleze yote, na la Kunigunda nikamweleza, kwa sababu lingemfikia tu.

Nikwambie na uzuri, usije ukadhani huku ni huzuni tupu. Hatukuwa hata tumeanza kuokota, watu wakatoka. Ungo, beseni, makapu, hata kofia. Barabara nzima watu wameinama. Hakuna aliyeitwa. Kila mmoja anapookota anasimulia mwenziwe safari yake ndani ya lori lile: huyu aliletewa bati za nyumba yake, yule mama yake aliletwa kuzikwa kwenye ntambo, mlima wa ukoo wao, wala Baba hakutaka hata asante. Kunigunda mwenyewe aliokota, majani bado yako kichwani. Nilipokwenda kumpigia magoti kumwomba radhi akasema, "Acha hayo, Mama Devotha. Mimi nilichokuwa nawaza nilipokuwa hewani ni hiki: Mzee akinigonga, hospitali nitapelekwa na nani? Lori lenyewe si hilohilo?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Kahawa tuliirudisha karibu yote, pamoja na mchanga wa kutosha kujengea choo. Mnunuzi aliipokea kwa kukunja pua, akaiweka daraja la mwisho. Si neno.

Lakini Baba hakucheka. Jioni ile aliweka ufunguo mezani mbele yangu akasema, "Mama Devotha, uzeni." Basi. Hakugomba, hakulaumu. Na kesho yake hakutoka kuliwasha. Wala keshokutwa. Uji anakunywa akisukumwa, anarudi kulala, na akiamka anauliza ni saa ngapi kana kwamba ana mahali pa kwenda. Mimi niliyepigania liuzwe miaka miwili, nimeupata ufunguo, nimeufunga kwenye pindo la khanga, na sijui niufanyie nini. Nilitaka kumwokoa mtu asikanyagwe. Sikuangalia nani mwingine alikuwa chini ya tairi.

Othmar nimemwuliza maoni yake. Anasema kama kawaida yake, mtakavyoamua sawa. Mama kwa mara ya kwanza hazungumzi habari ya baraka. Nazari ni muungwana, amesema atangoja mpaka sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe kumi na tano mwezi wa nane, baada ya hapo atatafuta lingine. Ameacha fomu ya kuhamisha umiliki uitie sahihi. Maneno ya Waswahili yanavutana kichwani mwangu: moja linasema usiache mbachao kwa msala upitao, jingine linasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna linalosema petroli itatoka wapi, wala nani atashika usukani.

Jana jioni niliketi na Baba, nikamwambia nitakuandikia leo, ana neno gani la kukupa. Alipapasa pindo la khanga yangu hadi akaupata ufunguo. Halafu akasema, kwa Kimatengo, nami nakuwekea kwa Kiswahili, "Mwambie mwenye gari aje aliteremshe mwenyewe hadi Lituhi. Asije akaliendesha mtu nisiyemjua. Mimi nitakaa kushoto."

Umesikia, Nicholaus? Kushoto. Tangu alinunue hajawahi kukaa upande wa abiria wa gari lile. Na miaka tisa hajakugusa uso. Kila mwaka unasema mwakani, na mimi namsomea "mwakani" yako kwa sauti ya furaha kana kwamba ni habari njema. Sina hasira na wewe, nakujua una kazi na watoto, na nauli ya kutoka Tanga si mchezo. Ila hilo tundu la ufunguo alilobaki nalo linazidi kuziba kila mwezi. Ukija sasa atakuona kidogo. Ukija mwakani utakuwa sauti tu.

Kwa hiyo fomu ya Nazari sikuiweka kwenye bahasha hii. Usiitafute. Imo ndani ya sanduku langu, chini ya kitenge cha arusi. Ukitaka kuuza lori lako, ifuate. Ukitaka kulibakiza, njoo uniambie usoni. Tutapita kijiji cha Ruanda, tushuke taratibu hadi ziwani, mimi nitakaa nyuma kwenye bodi pamoja na Mama na Dafrosa mdogo, tutakula samaki wabichi kwa Nazari. Na ukifika kule moyo ukakukataza kumwachia, ukageuza ukarudi nalo, mimi sitakulaumu hata kidogo. Petroli ya kurudi utanunua wewe.

Msalimie sana wifi Lidia, mwambie nimemwekea maharage ya ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, ya mwaka huu, meupe yale anayoyapenda. Wabusu watoto. Hapa wanakusalimu Mama, Othmar, Devotha na mwanawe, Kunigunda anayekwambia bado ana miguu miwili, na Meinrad katekista, popote alipojificha.

Nilitaka kufungia hapo, nikatoka nje kutafuta gundi ya bahasha, nikakuta mlango wa lori uko wazi. Nikashika pindo la khanga, ufunguo upo. Baba alikuwa ndani. Amekaa kushoto, mikono ameiweka juu ya magoti, ametazama mbele. Nikamwuliza, "Baba, unafanya nini humo?" Akasema, "Najizoesha."

Mungu akulinde njiani, mdogo wangu, na Malaika wako atangulie mbele ya basi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata unapochelewa kujibu,

Ottilia (Mama Devotha)